Sisimizi: Usikimbilie Dawa

JIRANI yangu mmoja alirejea kutoka kazini jioni akapata msafara wa sisimizi umeingilia dirishani, ukapita mezani na kuishia ndani ya mkebe wa sukari. Kwa hasira alichukua dawa ya kuulia mende akapuliza kila mahali. Sisimizi walikufa papo hapo. Punde si punde, mwanawe wa miaka miwili aliokota kipande cha mkate juu ya meza hiyo akakila. Usiku ule waliumalizia hospitalini. Mtoto alipona, lakini baada ya siku tatu sisimizi walikuwa wamerudi.

Kwa nini walirudi? Wale unaowaona ni vibarua tu waliotoka kutafuta chakula. Malkia atagaye mayai yumo kiotani, labda ndani ya ufa wa ukuta au nje udongoni. Ukiua vibarua mia moja, wengine wataanguliwa. Isitoshe, kibarua aliyepata sukari hurudi kwao huku akiacha harufu njiani, na wenzake huifuata moja kwa moja hadi jikoni mwako.

Basi, msomaji, jaribu hivi:

Kwanza, wafuate kabla ya kuwaua. Tazama tundu wanamopitia.

Pili, pangusa njia yao yote kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, au maji na siki kwa kipimo sawa. Hapo utawaondoa wao pamoja na harufu yao.

Tatu, ziba tundu hilo kwa simiti. Ikiwa nyumba ni ya kupanga na mwenyewe anajikokota, kipande cha sabuni ya kufulia kitasaidia kwa muda.

Nne, weka sukari, asali na mkate katika mikebe yenye vifuniko vinavyokaza. Osha vyombo kabla ya kulala. Nanyi wanafunzi mnaopika, kula na kusoma katika chumba kimoja, fagieni makombo chini ya kitanda.

Tano, simamisha miguu ya kabati la chakula ndani ya mikebe ya maji, na usiache kabati liguse ukuta. Badilisha maji hayo mara mbili kwa wiki, usije ukafukuza sisimizi na kufuga mbu.

Ikibidi kutumia dawa, soma maagizo, ondoa chakula na vyombo, watoe watoto nje, kisha fungua madirisha na uoshe meza kabla hawajarudi. Dawa ya shambani isiingie jikoni kamwe.

Mvua kubwa zinapoanza, viota vya nje hujaa maji na sisimizi hutafuta pakavu, yaani kwako. Kagua kuta mapema. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jirani yangu nusura apoteze zaidi ya ukuta.