Globu ya gari isigeuzwe kazi ya gereji

Trafiki akikuta taa ya mbele imekufa, hutoza faini, na hana kosa: gari lenye taa moja usiku hudhaniwa pikipiki, na anayepishana nalo hukosea upana wake. Lakini sheria inayombana dereva haimgusi aliyeunda gari ambalo globu yake haifikiki. Globu ya H4 tuliyoizoea hutoka kwa kuchomoa plagi, kuvua mpira wa vumbi na kufyatua kibano cha waya. Kwenye magari mengi ya sasa, kwanza itolewe betri, au mkono upenyezwe kwa upande wa tairi. Mengine hadi bampa ishuke. Katika kupapasa huko ndipo vidole hugusa kioo cha globu ya halojeni. Mafuta ya ngozi hukifanya kichemke zaidi sehemu moja, na globu mpya haidumu.

Watengenezaji watasema chini ya boneti pamejaa, na kwamba LED hudumu miaka. Kweli, ila LED nyingi hazibadilishiki: ikifa, unanunua taa nzima. Tena Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa inataka globu za kawaida zibadilishike bila vifaa maalumu, isipokuwa vile vinavyokuja na gari. Basi TBS, ambao hukagua magari yaliyotumika yanayoingia nchini, waongeze swali moja tu kwenye ukaguzi wao: globu ya mbele inatoka kwa mkono na bisibisi, au haitoki?

Msomaji,
Dar es Salaam