Ortiz alimaliza. Nani alimfikisha hapo?

Wasee, kila mtu akitaja Boston Red Sox ya 2004 anataja David Ortiz. Sawa, jamaa alikuwa moto. Lakini wacheni kudanganyana eti alibeba timu peke yake.

Boston walikuwa nyuma ya Yankees mechi 3 kwa 0. Ile ya tatu walilimwa 19 kwa 8. Tim Wakefield ndiye alifaa kuanza mechi ya nne, lakini akajitolea kurusha kwenye hiyo mechi iliyokuwa imeshapotea, ndio warushaji wengine wapumzike. Nafasi yake ya kuanza ikaenda hivyo tu.

Mechi ya nne, awamu ya tisa, Boston wako chini 4 kwa 3. Dave Roberts anaingizwa kukimbia tu. Anaiba besi ya pili, Bill Mueller anapiga, Roberts anafika nyumbani. Sare! Bila hao wawili, Ortiz hangepata awamu ya 12 ya kutoa mpira nje ya uwanja. Mechi ingekuwa imeisha.

Mechi ya tano ikaenda mpaka awamu ya 14. Tatu za mwisho alirusha nani? Wakefield huyo huyo, na hakuruhusu hata pointi moja. Ortiz akapiga ya mwisho, sifa zote zikawa zake.

Na si huko tu. Hapa kwetu beki akitoa mpira kwa laini hakuna mtu anaposti. Straika akifunga, statasi zote ni yeye.

Nibishieni hapo chini. Lakini uwe umeangalia mechi yote, si klipu ya sekunde 30.