Mlango Uliokuwa Mwepesi Kuingia

Tarehe 30 Septemba 2025 kampuni ya AOL ya Marekani iliifunga huduma yake ya intaneti iliyokuwa ikipita katika waya wa simu. Wengi walioisikia habari hiyo walicheka, maana walidhani jambo hilo lilikwisha zamani. Lakini kwa mtu ashikaye mfuko wa matumizi ya nyumba, kisa hiki chastahili kutazamwa.

Kampuni hiyo ilianza kuitwa America Online mwaka 1991. Wakati ule intaneti ilikuwa jambo la vyuo na wataalamu, nayo ikaamua kumwendea mtu asiyejua kitu: baba, mama na watoto wao. Ikatia programu yake katika disketi, na baadaye katika visahani, ikavituma majumbani kwa posta bila ya kuombwa, pamoja na saa kadhaa za kujaribu bure. Mwenye nyumba alikitia kisahani katika kompyuta, akaunganisha modemu na waya wa simu, kisha akangoja. Modemu ilipiga namba, ikakoroma na kupiga miluzi, na mara sauti ya mwanamume ikamkaribisha na kumjulisha kuwa ana barua. Sauti hiyo ilikuwa ya Elwood Edwards, aliyeirekodi mwaka 1989, naye akafariki mwaka 2024. Mamilioni ya watu waliijua kama wajuavyo sauti ya jirani.

Humo ndani mlikuwa na barua, habari, michezo na vyumba vya mazungumzo. Tena, na hili twalisifu, akaunti moja iliweza kuwa na majina matano, na mzazi mwenye jina la kwanza aliweza kuweka mipaka ya mahali watoto watakapofika. Lakini muda wote huo simu ya nyumba ilikuwa imeshikwa. Bibi akipiga simu kutoka mji mwingine, hampati mtu.

Ama gharama, hapo ndipo penye mazingatio. Katika mwaka 1996 ada ya kawaida ilikuwa dola 9.95 kwa saa tano za mwezi, na kila saa iliyozidi ililipiwa dola 2.95. Basi fanya hesabu: mtoto akikaa saa moja tu kila siku, kwa siku thelathini, nyumba yadaiwa dola 83.70. Wazee wetu waliokuwa wakitia kufuli katika simu ya kuzungusha wangaliuelewa wasiwasi huo mara moja.

Mwezi wa Desemba 1996 kampuni ikageuza: dola 19.95 kwa mwezi, ukae upendavyo. Watu wakafurahi, wakaingia, wala hawakutaka kutoka, kwani aliyetoka hakuwa na hakika ya kurudi. Modemu za kampuni hazikutosha. Mwanzoni mwa 1997 waliolipa walikuwa wakipiga na kupiga wasipate ila mlio wa laini yenye shughuli, hata wanasheria wakuu wa majimbo mengi wakaingilia, na kampuni ikakubali kuwarudishia fedha wateja waliokosa huduma. Kwa maoni yetu haikuwa na udhuru: aitaye wageni hana budi kuhesabu sahani kwanza.

Na kutoka je? Kuingia kulitaka kisahani tu, ila kutoka kulimtaka mtu apige simu na kujadiliana na mtumishi aliyelipwa bakshishi kwa kufaulu kuwazuia wateja. Wako walioomba kufungiwa akaunti wakaendelea kutozwa. Jambo hili lilifika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, na mwaka 2005 kampuni ikakubali kulilipa jimbo dola milioni 1.25 na kurekebisha mwendo wake.

Hata hivyo kizuizi kikubwa hakikuwa yule mtumishi. Kilikuwa ile anwani ya barua. Shule ya watoto inayo, ndugu wa mbali wanayo, tabibu anayo. Nani atawaandikia wote upya? Wengi waliokwisha kupata intaneti ya kasi waliendelea kulipa kila mwezi kwa ajili ya anwani tu, mpaka mwezi wa Agosti 2006, AOL ilipowaruhusu kuitumia bure. Ilipofungwa huduma ya waya mwaka 2025, anwani hizo hazikuguswa.