Ahadi ni Deni, Hata Bila Karatasi

Mkulima wa Litapunga, mkoani Katavi, anayekopa mbolea kwa ahadi ya kulipa mahindi amekwisha jifunga kisheria. Sheria ya Mikataba ya 1961 yatambua hata mapatano ya mdomo, mradi yafanywe kwa hiari na watu wazima wenye akili timamu, kwa malipo na madhumuni ya halali. Aliyelaghaiwa au kutishwa aweza kuyatangua.

Wala wajibu hautokani na mapatano peke yake. Mchungaji anayeachia ng'ombe wale mazao ya jirani atawajibika kufidia; mzazi humtunza mtoto kwa amri ya Sheria ya Mtoto ya 2009, aahidi asiahidi.

Lakini neno la mdomo ni gumu kuthibitishwa mahakamani, na hapo ndipo mlanguzi hupata mwanya. Walimu na watumishi wa umma hawana budi kumsomea mkulima karatasi nzima kabla hajatia dole gumba, na kuhakikisha kuwa bei, kiasi, tarehe na mashahidi vimeandikwa. Elimu iliyolipiwa kwa jasho la mkulima sharti imkinge mkulima huyo dhidi ya unyonyaji.