Somo la elektroni Ufipa lianzie kwenye malungu

Mwanafunzi wa sekondari katika kata ya Katandala, mjini Sumbawanga, akifika kwenye mada ya oksidesheni na ridaksheni hupewa kwanza sentensi ya kukariri: kupoteza elektroni ni oksidesheni, kupokea elektroni ni ridaksheni. Baadaye huja namba za oksidesheni, milinganyo ya kusawazisha, na mwisho michoro ya seli za umeme. Yote ni sahihi, lakini mwanafunzi haoni yanatokana na nini. Kwa maoni yangu, Ufipa ni mahali pa mwisho ambapo somo hili lingepaswa kufundishwa hivyo. Uwanda huu una ushahidi wa kemia hiyo uliojengwa kwa udongo, na ushahidi huo unastahili kuwa mwanzo wa somo badala ya hadithi ya kumalizia kipindi.

Ushahidi wenyewe ni malungu, matanuri ya Wafipa ya kuyeyushia chuma, ambayo baadhi yake bado yamesimama na ambayo wanaakiolojia kama Bertram Mapunda wameyachunguza. Ilungu lilikuwa na kimo cha takriban mita 3, na halikuvukutwa. Hewa ya moto ilipopanda ndani yake, hewa mpya iliingia yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini. Ndani mlijazwa mkaa na mawe yenye oksidi ya chuma. Mkaa uliungua ukatoa kaboni dioksidi, nayo ilipopita kwenye mkaa wenye moto mkali ikageuka kuwa kaboni monoksidi. Gesi hiyo ndiyo iliyoyanyang'anya mawe oksijeni yake: Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂. Hapo kila ioni ya chuma imepokea elektroni tatu, na kaboni imepanda kutoka +2 hadi +4. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, lakini ilungu halikuhitaji joto hilo, kwa kuwa kazi ya kutoa oksijeni hufanyika chuma kikiwa bado kigumu. Ndiyo maana kilitoka bonge lenye matundu, limechanganyika na mavi ya chuma, likapelekwa kwenye kintengwe, tanuri dogo la mivukuto, kusafishwa kabla ya kufuliwa majembe na mashoka.

Mwanafunzi aliyeelewa hayo amebakiza hatua moja tu kufika kwenye umeme. Ndani ya ilungu, anayetoa elektroni na anayepokea hugusana, na nishati yote huishia kuwa joto. Ukiwatenganisha na kuwaunganisha kwa waya, elektroni hulazimika kusafiri, na safari hiyo ndiyo mkondo wa umeme. Mwaka 1836 John Daniell alifanya hivyo kwa zinki na shaba, akapata takriban volti 1.1. Betri ya gari hufuata kanuni hiyohiyo kwa risasi na asidi, volti 2 kwa kila seli, seli sita zikitoa 12. Bati la nyumba lililopakwa zinki nalo halina siri nyingine: zinki hutoa elektroni kwa wepesi kuliko chuma, hivyo huliwa yenyewe kwanza. Hata mipaka ya ilungu inafundisha. Kwa moto wa namna hiyo mkaa hauwezi kuinyang'anya alumini oksijeni yake, ndiyo maana chuma kilipatikana kwa maelfu ya miaka huku alumini ya bei nafuu ikisubiri njia ya umeme ya Hall na Héroult ya mwaka 1886.

Wapo watakaosema kwamba wahunzi wa Kifipa hawakujua elektroni, na kwamba kazi yao iliambatana na dawa na miiko, kwa hiyo kuwaita wanakemia ni kujipamba. Kweli hawakujua. Lakini elektroni ilitambuliwa na J. J. Thomson mwaka 1897; Daniell hakuijua, wala Faraday alipotangaza kanuni zake za elektrolisisi. Kudhibiti mmenyuko na kuueleza ni stadi mbili, na ya kwanza mara nyingi hutangulia. Anayefundisha aseme hivyo waziwazi, asiwavike wahunzi nadharia ambayo hawakuwa nayo. Wengine watasema mtihani hauulizi malungu. Mtihani huuliza jinsi chuma kinavyopatikana, na mmenyuko mkuu katika tanuri kubwa la kiwandani ndio uleule.

Pingamizi zito zaidi ni uhaba wa maabara, na hilo halipuuzwi kwa maneno matamu. Hata hivyo, msumari uliosuguliwa ukatumbukizwa kwenye maji ya mrututu huvaa shaba nyekundu kwa dakika chache, mbele ya darasa zima, mradi mwalimu akumbuke kuwa mrututu ni sumu. Kinachokosekana zaidi ni mpangilio: ziara moja kwenye ilungu kabla ya mlinganyo wa kwanza, na mwalimu wa historia akishirikiana na wa kemia. Shule na halmashauri za Rukwa zinaweza kuanza bila kusubiri mtaala mpya, na hazina muda wa kupoteza, kwa kuwa malungu ni udongo, na udongo usiotunzwa hubomolewa na mvua.