Mawe ya figo: ubavu na homa si malaria tu

KASONGO – Kumwambia mama aliyekimbia Kabambare anywe lita mbili au tatu za maji kwa siku ni rahisi. Bidoni yake moja ya lita 20 ni ya kupikia, kunawa na kunywa kwa nyumba nzima! Kwenye joto na maji machache mkojo huwa mzito, na mawe hupata nafasi figoni.

Hatari kubwa ni jiwe kuziba njia ya mkojo. Maumivu ya ubavu yakija na homa na kutetemeka, wengi hunywa dawa ya malaria na kulala. Wanakosea. Usaha unaweza kujaa figoni, vijidudu vikaingia kwenye damu, mgonjwa akafa. Malaria ipimwe, na mkojo upimwe siku hiyohiyo. Mwenye mimba, kisukari au figo moja asingoje asubuhi. Na wanaoleta misaada kwa wakimbizi wa ndani waanze na maji.