Fedha Iliyojificha Ndani ya Dhahabu

Ugomvi huu tunaujua sote hapa Uvira. Baba anashuka kutoka Misisi au Kamituga na gramu 10 za dhahabu, ameiosha vizuri, inang'aa. Mnunuzi anaipima na kusema, "Hii ni asilimia 90." Baba anawaka: "Huo uchafu uko wapi? Nionyeshe nione!"

Hawezi kumwonyesha, maana si uchafu. Ni madini ya fedha (si ile ya mfukoni), yaliyoingia tangu dhahabu ikiwa mwambani. Mchanga katika mchele utauchagua kwa mkono. Lakini sukari ikiisha kuyeyuka katika chai, utaichaguaje?

Fikiri ukuta wa matofali. Chembe ndogo za dhahabu, yaani atomu, zimepangwa safu kwa safu namna hiyo. Atomu ya fedha ina ukubwa karibu uleule, basi inakaa mahali pa tofali la dhahabu na ukuta haupindi. Ndiyo sababu hizi mbili huchanganyika kwa kiasi chochote. Tofali la shaba ni dogo zaidi. Safu inajikunja kidogo, na safu iliyojikunja haitelezi upesi. Kwa hiyo sonara hutia shaba katika pete: dhahabu tupu ni laini mno kwa mkono wa mama anayetwanga sombe.

Kuosha hakuitoi fedha. Moto nao unafukuza zebaki tu, na mvuke wake huharibu ubongo na figo. Tafadhali usiichome jikoni penye watoto! Hata asidi ya nitriki, inayokula fedha, hushindwa, kwa kuwa dhahabu imeizunguka pande zote. Wasafishaji wana ujanja wa kushangaza: huongeza fedha nyingine mpaka dhahabu ibaki kama robo, ndipo asidi inapopata njia ya kuila.

Wewe nyumbani una maji. Dhahabu ikiisha kuyeyushwa iwe donge lisilo na matundu, ipime, kisha ipime tena ikining'inia kwa uzi ndani ya maji. Gramu 100 za dhahabu safi hupungua gramu 5,2. Zenye fedha 10 kwa mia hupungua 5,6 (kama ni shaba, 5,8). Kwa donge la gramu 10 tofauti ni gramu 0,04 tu, kwa hiyo tafuta mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, upime kabla hujaenda kwa mnunuzi.